Rangi za waya kwenye maeneo yenye hatari ya mlipuko: mwongozo kamili kwa fundi wa bohari ya mafuta

Fungua kabati la umeme la bohari ya mafuta iliyojengwa miaka ya 1980 na kuongezewa mitambo mara mbili tatu tangu hapo, hutakosa kuona waya wa bluu. Huenda ni fezi ya tatu, iliyovutwa enzi za rangi za zamani za Uingereza. Huenda ni nyutro ya kebo mpya. Huenda ni waya wa udhibiti wa volti 24 DC. Na huenda unakwenda moja kwa moja hadi kwenye kipima-kina kilichoning'inia ndani ya tenki la petroli, mahali ambapo cheche usiyoweza hata kuiona inatosha kuwasha mvuke.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga rangi hizo, kuvuta kebo, kuweka alama na kupima, ili waya wa bluu usibaki kitendawili kwa fundi atakayekuja baada yako. Unafuata viwango vya IEC (Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme), hasa mfululizo wa 60079 wa maeneo yenye hatari ya mlipuko na 60445 wa utambulisho wa nyaya, kwa kuwa ndivyo vinavyotawala kazi hizi Afrika Mashariki. Leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, ni lazima, lakini ufungaji wa kawaida wa majengo haumwandai mtu kwa vifaa vya Ex, yaani vilivyotengenezwa kwa maeneo yenye hatari ya mlipuko. Kama hujapata mafunzo yake, fanya kazi chini ya mtu aliyeyapata.

Anza na ramani ya zoni

Usinunue hata mita moja ya kebo kabla hujaiona ramani ya zoni ya mtambo. Zoni 0 ni pale ambapo mvuke unaowaka upo muda wote au muda mrefu, kama nafasi iliyo juu ya petroli ndani ya tenki. Zoni 1 ni pale unapotarajiwa kutokea mara kwa mara katika kazi ya kawaida. Zoni 2 ni pale usipotarajiwa, na ukitokea ni kwa muda mfupi. Kwa vumbi linalowaka, kama la unga au sukari, zoni zinaitwa 20, 21 na 22. Kumbuka pia kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa kwenye mashimo na mitaro ya kebo, na unaweza kuufuata mtaro usiozibwa hadi ndani ya chumba cha umeme.

Rangi ya fezi, nyutro au ethi haibadiliki kwa sababu waya umeingia Zoni 1. Kinachoongezeka ni rangi moja tu: samawati, kwa ajili ya saketi za Ex i. Hizi ni saketi ambazo nishati yake imebanwa na kizuizi, yaani baria, kiasi kwamba hata waya ukikatika au ukigusana na mwenzake, cheche yake haiwezi kuwasha mvuke. Baria huwekwa upande salama, kwa kawaida ndani ya kabati la chumba cha udhibiti. Kuanzia hapo hadi kwenye kifaa, saketi nzima inategemea jambo moja: usiingie umeme mwingine wowote njiani.

Hapo ndipo rangi inapookoa watu. Baria nyingi zimethibitishwa kuhimili hadi volti 250 upande wake salama, kwa hiyo volti 230 ikiingia kwa bahati mbaya upande huo, baria itajitoa mhanga na tenki litabaki salama. Lakini fundi akiunganisha waya wa samawati wa upande wa tenki na baa ya nyutro kwa kuwa "bluu kwa bluu", ameshairuka baria. Siku nyutro hiyo itakapokatika karibu na chanzo chake, mzigo ulioko kwenye saketi utaivuta hadi volti 230, na volti hizo zitakwenda hadi Zoni 0 bila kizuizi chochote. Miezi inaweza kupita kila kitu kikionekana sawa.

Jedwali moja la rangi kwa mtambo mzima

Andika jedwali moja, lisainiwe na mhandisi mhusika, na nakala yake ibandikwe ndani ya mlango wa kila kabati. Kwa bohari inayotumia volti 400 na 230, jedwali hili linafaa:

- Fezi L1 kahawia, L2 nyeusi, L3 kijivu.
- Nyutro bluu.
- Ethi ya kinga kijani na njano kwa pamoja, na si kitu kingine chochote. Katika kila milimita 15 za waya, rangi moja lazima ifunike kati ya asilimia 30 na 70. Waya huo haruhusiwi mtu kuuvika slivu ya rangi nyingine na kuufanya fezi, hata "kwa muda".
- Udhibiti wa AC nyekundu.
- DC isiyo ya Ex i: chanya nyekundu, hasi nyeupe, kila waya ukiwa na namba.
- Saketi za Ex i: ganda la kebo, trankingi (mfereji wa kupitishia nyaya) na lebo vyote samawati.

Mstari wa DC una mjadala. Kiwango cha mashine, IEC 60204-1, kinapendekeza bluu kwa udhibiti wa DC, na wajenzi wengi wa paneli hutumia bluu iliyokoza. Katika kabati lisilo na Ex i hakuna ubaya. Katika kabati lenye baria, tunashauri bluu hiyo iachwe kabisa. Nyekundu na nyeupe zinakubalika katika matoleo ya karibuni ya IEC 60445, na zinaondoa bluu moja kati ya zile nne. Nyekundu ya DC isichanganyike na nyekundu ya udhibiti wa AC: tenganisha trankingi zake, na namba ziwe wazi kwenye feruli (vifuniko vidogo vya ncha za waya).

Jambo jingine la kuamua mapema ni mfumo wa usambazaji. Kwenye eneo hatarishi hairuhusiwi waya mmoja kufanya kazi ya nyutro na ethi kwa pamoja. Ukikuta kebo ya zamani yenye waya wa namna hiyo inaelekea upande wa matenki, hiyo ni kazi ya kuvuta kebo upya. Rangi haitaitibu.

Rangi za zamani, na mitambo iliyotoka kwingine

Uingereza iliruhusu rangi mpya kuanzia 31 Machi 2004 na kuzilazimisha kuanzia 1 Aprili 2006. Kabla ya hapo fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu, na nyutro nyeusi. Mitambo mingi ya kwetu ilijengwa kwa rangi hizo na bado inafanya kazi. Mabadiliko hayo yalifanya rangi mbili zibadilishane hatari: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Unapounganisha kebo ya zamani na mpya, nyekundu iende kwa kahawia, njano kwa nyeusi, bluu kwa kijivu, nyeusi kwa bluu. Kila ncha ya zamani ivikwe slivu yenye herufi L1, L2, L3 au N, na nje ya kabati ibandikwe tahadhari kwamba ndani mna rangi za aina mbili.

Pampu na paneli kutoka China zina mtego wake. Fezi zake ni njano, kijani na nyekundu, nyutro samawati, ethi kijani na njano. Soma tena: kijani ni fezi, na samawati ni nyutro. Kwenye mitambo yetu ya zamani sana waya wa kijani mtupu ulikuwa ethi. Fundi aliyekulia kwenye rangi hizo anaushika waya huo wa kijani bila wasiwasi wowote. Tunachopendekeza ni kubadilisha kabisa nyaya hizo ndani ya paneli kabla mtambo haujawashwa mara ya kwanza. Kama masharti ya dhamana au cheti cha Ex cha paneli hayaruhusu kuifungua, vika slivu ncha zote mbili kwenye kisanduku cha nje na uandike kwenye mchoro.

Vifaa vya Marekani huja na nyutro nyeupe au kijivu na ethi ya kijani. Thamokapo, yaani vipima-joto vya nyaya mbili, ndizo zinazoponza zaidi: kwa aina K ya IEC, waya wa kijani ndio chanya na mweupe ni hasi, wakati kwa aina K ya Marekani wa njano ni chanya na mwekundu ni hasi. Anayeuona wekundu akadhani ni chanya atapata joto linaloshuka pale linapopanda, na kwenye tenki linalopashwa joto hilo ni kosa baya.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua kibali cha kazi. Pima gesi mahali utakapofungua kisanduku, na uendelee kupima wakati wote wa kazi, kwa sababu lori likianza kupakia jirani hali hubadilika. Kata umeme kwenye chanzo, funga kwa kufuli yako mwenyewe na uweke kadi. Hakikisha kwamba hakuna chanzo cha pili: saketi ya hita ya mota, UPS ya vipimo, au volti ya udhibiti inayotoka kabati jingine. Testa ya umeme ipimwe kwenye chanzo kinachojulikana, kisha kwenye nyaya zako, kisha kwenye chanzo tena. Multimita ya kawaida na mega (kipimo cha insulesheni) hazina nafasi ndani ya zoni bila kibali cha kazi za moto. Kazi inayoweza kufanyiwa upande salama, ifanyie huko.

Kisha tambua kila waya kwa kipimo. Kwenye mtambo wa zamani rangi ni dokezo tu. Tenga ncha zote mbili, pima mwendelezo waya kwa waya, na uandike matokeo: rangi uliyoikuta, namba, kazi yake halisi, na rangi inayotakiwa kwa jedwali jipya. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa mchoro wa kwanza wa kweli kwa mitambo mingi.

Mfano: saketi moja ya kipima-kina

Tuchukue kipima-kina cha Ex ia (daraja la juu kabisa la Ex i) juu ya tenki la petroli, mita 180 kutoka chumba cha udhibiti. Utahitaji:

- Mita 200 za kebo ya jozi moja, 1.5 mm², yenye skrini (utando wa chuma wa kuzuia mwingiliano), deraya ya chuma na ganda la nje la samawati.
- Glendi (vishikizo vya kuingizia kebo kwenye kisanduku) mbili zenye cheti cha Ex zinazolingana na kipenyo cha kebo na aina ya kisanduku, pamoja na washa zake za ethi.
- Baria moja au kitenganishi kimoja (kinachofanya kazi ya baria bila kuhitaji ethi yake maalumu). Tuseme ni cha 28 V, 93 mA, 0.65 W.
- Feruli za 1.5 mm², slivu zenye namba, na mabomba ya kusinyaa kwa joto.
- Lebo 30 hivi za samawati zinazostahimili jua, na vifungo vya chuma cha pua.

Hesabu kwanza, rangi baadaye. Kebo ya samawati haifanyi saketi kuwa Ex i, ila inatangaza tu kwamba mtu ameshapiga hesabu. Volti, mkondo na nguvu za baria zisizidi zile kifaa kinachoruhusiwa kupokea. Kapasitansi ya kebo, kama mtengenezaji hajaitaja, huchukuliwa kuwa 200 pF kwa mita: mita 200 ni 40 nF. Ongeza kapasitansi ya kifaa, tuseme 5 nF, jumla 45 nF. Baria ya namna hii huruhusu 83 nF kwa kundi la gesi IIC, ambalo ndilo kali kuliko yote, kwa hiyo kwa petroli, iliyo kundi IIA, kuna nafasi ya kutosha. Induktansi ni 1 µH kwa mita, yaani 0.2 mH. Andika hesabu hii kwenye faili la saketi. Mkaguzi ataiuliza.

Vuta kebo kwenye trei yake, mbali na kebo za mota. Saketi ya Ex i na isiyo ya Ex i hazikai ndani ya kebo moja, hata kama kuna jozi za akiba zinazokutamanisha. Kiwango kinasamehe alama pale ambapo kebo zote za Ex i, au zote zisizo za Ex i, zina deraya, skrini au ganda la chuma. Msamaha huo usiutumie. Miaka kumi baadaye mtu ataongeza kebo moja isiyo na deraya, na msamaha utakuwa umekufa bila mtu kujua. Kwa nafasi ya lebo, kanuni za Marekani zinataka zisipishane zaidi ya mita 7.5, na kipimo hicho kinafaa hata kwetu. Ongeza lebo pande zote mbili za kila ukuta kebo inapopita, na kwenye kila glendi.

Tahadhari na jua la pwani. Ganda la samawati lisilotengenezwa kwa jua hupauka hadi likafanana na kijivu, tena upande wa juu tu. Ukilipindua unaona rangi ya asili. Agiza kebo iliyothibitishwa kustahimili mionzi ya jua, na pale inapowezekana funika trei.

Upande wa tenki, kata skrini, uivike bomba la kusinyaa na uiache bila kuunganishwa. Skrini hufungwa ethi sehemu moja tu, kwa kawaida upande salama. Ikifungwa pande zote mbili, tofauti ya ethi kati ya tenki na chumba cha udhibiti itapitisha mkondo ndani yake. Deraya, kwa upande wake, hushikwa na glendi pande zote mbili. Nyaya za akiba zifungwe ethi au ziishie kwenye taminali zinazofaa. Kuzizungushia tepu peke yake hakutoshi, maana gundi ya tepu huyeyuka kwa joto na ncha hubaki wazi.

Ndani ya kabati la baria

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Taminali za Ex i zikae angalau milimita 50 kutoka taminali zisizo za Ex i, au kuwe na kizigeu kati yake. Kati ya saketi mbili tofauti za Ex i, sehemu za chuma zilizo wazi zipishane milimita 6 au zaidi. Trankingi ya samawati iwe upande mmoja wa baria, ya kijivu upande wa pili, na zisivukane. Kosa la kawaida ni fundi kujaza trankingi, kisha kuacha mzunguko wa waya wa ziada ukining'inia nje yake hadi ukagusa upande wa pili. Kata waya kwa urefu wake.

Kuhusu nyutro ya bluu ndani ya kabati hilohilo, dawa bora ni kuitoa: weka chanzo cha 24 V DC kwenye kabati jingine, na hapa ilete DC peke yake. Isipowezekana, kiwango kinakupa njia tatu: kuzifunga nyaya za Ex i pamoja katika mkungu mmoja wa samawati, kuziwekea lebo, au kuzipanga kwa mpangilio ulio wazi na uliotengana. Fanya zote tatu. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na tenki la petroli.

Baria za zena, tofauti na vitenganishi, zinahitaji ethi yake maalumu. Upinzani kutoka baa ya baria hadi ethi kuu ya mfumo uwe chini ya omu 1. Tumia waya mmoja wa shaba usiopungua 4 mm², au nyaya mbili tofauti zisizopungua 1.5 mm² kila mmoja. Tunapendelea mbili, kwa sababu unaweza kuufungua mmoja na kuupima kupitia mwenzake bila kuiacha baria hata dakika moja bila ethi. Rangi ni kijani na njano, na slivu iandikwe "ETHI YA EX i – USIFUNGUE". Bila maandishi hayo, waya huo ni kijani-njano kama mingine kumi iliyo jirani, na ndio wa kwanza kufunguliwa mtu anapotafuta hitilafu.

Kupima

1. Tenga baria, kifaa cha tenki na vidhibiti vya mawimbi ya umeme. Mega ya volti 500 ikipita kwenye baria ya zena, umeiua.
2. Pima mwendelezo wa kila waya na uhakikishe namba zinalingana ncha zote mbili.
3. Pima insulesheni kwa volti 500 DC, waya kwa waya, kisha waya kwa skrini na deraya. Kwa saketi za nguvu za volti 400, chini ya megaomu 1 ni kufeli. Kebo mpya yenye megaomu chache tu ina tatizo, mara nyingi unyevu kwenye glendi.
4. Toa chaji iliyobaki kwenye kebo kabla ya kuigusa. Kebo ndefu huhifadhi chaji, na chaji hiyo ni cheche.
5. Kwa mota, pima mzunguko wa fezi kwenye paneli ya chumba salama. Fezi mbili zikibadilishana, pampu itazunguka kinyume, presha itashuka, na watu watahangaika na vali siku nzima.
6. Linganisha rangi, namba na mchoro kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga mifuniko. Boliti zote za kisanduku cha Ex d (kinachohimili mlipuko wa ndani) zirudi. Moja ikikosekana, kisanduku hakifai.

Ukaguzi wa baadaye

IEC 60079-17 inataka ukaguzi wa mara kwa mara usiopitisha miaka 3 bila ushauri wa mtaalamu. Kwa mtambo ulio karibu na bahari, ni busara ukaguzi wa macho ufanyike kila mwaka. Upande wa rangi, angalia lebo zilizopauka au kuanguka, kebo za samawati zilizotumika kwa kazi isiyo ya Ex i (mara nyingi kwa kamera au simu, kwa sababu kebo ilibaki stoo), nyaya mpya zisizo na namba ndani ya kabati la baria, na slivu zilizoteleza kutoka kwenye ncha za rangi za zamani. Kebo ya samawati iliyobaki stoo ifungiwe kwa ufunguo pamoja na faili la saketi za Ex i, na itolewe kwa saini tu.